Siku 140 za Austin: namna ya kutetea haki ya silaha na usalama wa shule Texas, kuanzia kwenye simu yako mpaka mbele ya kamati

Mwanangu wa darasa la pili alinitoa jasho jioni moja, tuko mezani anakula chipsi, akaniuliza baba, mkiwa mmejificha halafu ukasikia chafya inakuja unafanyaje? Nikajua anaongelea kombolela. Kumbe siku ile walikuwa na zoezi la kujifungia endapo mtu mwenye bunduki ataingia shuleni, mwalimu kazima taa, kafunga kitasa, darasa zima limejibana kwenye ile kona ambayo mtu akichungulia kwenye kioo cha mlango hawaoni, na shida yake yeye dogo ilikuwa pua tu, basi. Nikamuonyesha pa kubana, hapa juu ya mdomo. Halafu nikatoka nikaenda kukaa kwenye gari kama dakika kumi hivi, redio imezimwa.

Sasa mimi ni mtu wa bastola. Nyumbani Tanzania bunduki nilikuwa naiona kwa askari wa benki basi, ila hapa Texas nimeendesha abiria usiku miaka, nimenunua, nina leseni, na siombi radhi. Na wakati huohuo nina watoto wawili shule ya serikali. Watu wanapenda kutugawa, yaani ukisema haki ya silaha basi wewe watoto hawakuhusu, ukisema usalama wa shule basi wewe unataka kuja kuchukua bunduki za watu. Mimi nimekataa kugawanywa, nasimamia vyote viwili, na kama na wewe uko huko basi huu hapa mwongozo wa namna ya kulisema hilo mahali linapohesabiwa. Kwenye grupu la wotsap halihesabiwi, pole.

Hatua ya kwanza: jua hali yako kabla hujafungua mdomo

Naanza na hii maana nimeona ndugu zetu wakiharibikiwa kwa kitu kidogo sana.

Kumpigia simu mbunge wa jimbo, kuandika imeili, kwenda kuongea mbele ya kamati, hivyo vyote havihitaji uraia. Una grinikadi, uko kwa viza ya masomo, haijalishi, unaishi hapa unaruhusiwa kusema. KUPIGA KURA ni kitu kingine kabisa. Kama hujaapa uraia usijiandikishe, narudia usijiandikishe, hata yule dada wa kaunta ya leseni ya udereva akikuuliza haraka haraka unataka kujiandikisha kupiga kura na wewe umechoka na foleni unataka tu kuondoka. Ukisema ndio umejitia matatani, maana kujiandikisha au kupiga kura bila kuwa raia ni kosa na linaweza kukurudisha kwenu. Watu wametiki kile kiboksi bila kusoma, baada ya miaka wanaenda kuomba uraia ndio wanakutana nacho mezani.

Na hela. Kumchangia mgombea hela ya kampeni lazima uwe raia au uwe na grinikadi. Wa viza hapana.

Kuhusu silaha yenyewe, sheria ya shirikisho inasema mwenye grinikadi anaweza kumiliki, lakini mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi, ya kutembea, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa aingie kwenye misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na makaratasi kabisa haruhusiwi. Na haruhusiwi maana yake mpaka kuishika, kwa hiyo ile ya shemeji kukupeleka renji Jumapili ujaribu risasi mbili tatu upige na picha, acha. Nimewaambia vijana wa chuo hii kitu mpaka nimechoka.

Hatua ya pili: jua sheria zilizopo, usije ukaomba kitu ambacho kipo tayari

Hakuna kinachoudhi msaidizi wa mbunge kama mtu anapiga simu kudai sheria ambayo ilishapita miaka miwili iliyopita. Soma kidogo.

Katiba ya Texas ibara ya kwanza kifungu cha 23 inampa raia haki ya kuwa na silaha na kuibeba kwa ajili ya kujilinda kihalali yeye na jimbo lake, halafu hapohapo inalipa Bunge mamlaka ya kuweka utaratibu wa kubeba ili kuzuia uhalifu. Vipande viwili ndani ya sentensi moja. Wenzetu wengi wa upande wa haki wanakikariri cha kwanza wanakiruka cha pili, na wa upande wa pili wanafanya kinyume chake. Ukikaa mbele ya kamati ukavitaja vyote wanainua macho kwenye simu zao, nakuhakikishia.

Tangu Septemba 1, 2021 kwa sheria HB 1927 (HB maana yake muswada ulianzia kwa wawakilishi, SB ulianzia Seneti), mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki bastola anaweza kuibeba Texas bila leseni. Mwaka 2025 wakapitisha SB 1362, ile ya kuzuia amri za mahakama za kumnyang'anya mtu silaha kwa utaratibu wa majimbo mengine wanaouita bendera nyekundu. Kwa hiyo upande wa haki, Texas tuko vizuri, kazi kubwa ni kulinda kilichopo na kuangalia kinachojificha ndani ya miswada mipya.

Upande wa shule ndio mpana na ndio wenye kazi. Baada ya Santa Fe, Mei 18, 2018, watu 10 waliuawa kwa risasi pale sekondari, ikaja SB 11 ya 2019 na timu za kupima vitisho na fungu la hela za usalama. Baada ya Uvalde, Mei 24, 2022, watoto 19 na walimu 2 wakauawa kwa risasi shuleni, ikaja HB 3 ya 2023 ambayo inataka kila shule ya serikali iwe na angalau askari au mlinzi mmoja mwenye silaha saa za masomo, na hela dola 15,000 kwa shule pamoja na dola 10 kwa mwanafunzi. Ikaja SB 838, kila darasa liwe na kitufe cha dharura cha kimyakimya. Mwaka 2025 hela zikapanda, dola 20 kwa mwanafunzi na zaidi ya dola 33,000 kwa shule.

Sawa, sasa piga hesabu mwenyewe. Dola 33,000 na ushee, mshahara wa askari wa mwaka mzima hapa mjini unalipa? Haulipi. Ndio maana sheria yenyewe imeacha mlango, wilaya ya shule ikisema haina hela au haina watu bodi yake inaruhusiwa kudai msamaha wa kutofuata, ila iweke mpango mbadala, na mbadala wenyewe mara nyingi ni mwalimu au mfanyakazi aliyefundishwa kubeba silaha. Kuna njia mbili: mashali wa shule, mpango wa tangu 2013, wanapitia mafunzo ya masaa 80, na wale wa Guardian ambao bodi ya shule inawaandikia ruhusa tu na mafunzo yanategemea zaidi bodi yenyewe. Mimi naunga mkono walimu kubeba kama wamependa wenyewe, lakini nataka masaa ya mafunzo yaandikwe kwenye sheria kwa wote, isiwe wilaya hii masaa 80 na ile ya jirani wikiendi moja. Hilo ndilo langu, nalitaja kila nikipiga simu. Na wewe tafuta lako moja. MOJA. Ukienda na madai saba hawatakumbuka hata moja.

Kingine, kabla sijaendelea. Ripoti ya kamati ya Bunge la Texas juu ya Uvalde ilitoka Julai 2022, inasomeka bure. Wengi wanakumbuka askari 376 waliofika na zile dakika 77 zilizopita kabla hawajaingia kumkabili muuaji. Mimi kilichonikaa ni mlango. Darasa namba 111 kitasa chake kilikuwa kinajulikana kwamba hakijifungi vizuri, watu pale shuleni walijua, na hakuna aliyeandika karatasi ya fundi. Kitasa! Unaweza ukabishana na mtu kuhusu bunduki mpaka asubuhi lakini hutakuta mtu anabisha kuhusu kitasa.

Hatua ya tatu: mjue mtu wako, na sio yule wa Washington

Nusu ya watu niliowasaidia walikuwa wanampigia mbunge wa Congress. Yule hahusiki na sheria za jimbo hata kidogo, atakujibu barua nzuri yenye nembo na habari imeishia hapo.

Bunge la Texas liko Austin. Wawakilishi 150, maseneta 31. Una mmoja mmoja. Ingia saiti ya Bunge, Texas Legislature Online, capitol.texas.gov, kuna sehemu unaandika anwani yako ya nyumbani wanakuletea majina. Mwakilishi mmoja ana watu kama laki mbili kasoro, seneta anakaribia milioni, kwa hiyo mwakilishi ndiye anayeshikika, ndiye unayeweza kukutana naye kwenye gwaride la Julai 4 anagawa pipi.

Andika namba ya ofisi ya Austin na ya ofisi ya mtaani kwenu, zote mbili. Kikao kikiwa hakijaanza nenda ya mtaani, kuko kimya, wanakupa kahawa na wanakusikiliza nusu saa. Kikao kikianza hiyo nusu saa haipo tena.

Hatua ya nne: kalenda. Hapa ndipo watu wanapofeli

Bunge la Texas linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili, mwaka wa namba witiri, linaanza Jumanne ya pili ya Januari. Kijacho ni Januari 12, 2027 mpaka Mei 31. Ukiona kitu Oktoba ukakasirika, kasirika lakini hakuna mtu ofisini wa kukupigia kura, labda gavana aite kikao maalumu.

Sasa shika tarehe. Miswada inaanza kupokelewa Novemba baada ya uchaguzi. Siku 60 za mwanzo kikatiba ni za kupeleka miswada, kwa kawaida hawapigii kura ukumbini isipokuwa yale gavana aliyoyatangaza ya dharura. Machi 12, 2027 ndio mwisho wa kupeleka miswada ya kawaida. Baada ya hapo kamati ndio zinafanya kazi, Machi na Aprili, na huko ndiko sauti yako inakula. Kwa kanuni walizokuwa wanatumia, siku ya 122, ambayo 2027 itaangukia Mei 13, saa sita usiku, muswada wa wawakilishi ambao haujapita usomaji wa pili unakufa. Haukataliwi na mtu, unakufa tu kwa saa ya ukutani.

Nikupe mfano, na mfano wenyewe ni wa upande ambao sio wangu, lakini lazima niseme ukweli. 2023 wazazi wa Uvalde walikuja Austin kuunga mkono HB 2744, wa kupandisha umri wa kununua bunduki za aina iliyotumika Uvalde kutoka 18 kwenda 21. Walisubiri mpaka usiku mkubwa kuongea, wakiwa na picha za watoto wao. Mimi muswada ule sikuuunga mkono, naona kijana wa 18 tunayemkabidhi bunduki jeshini ni mtu mzima. Lakini wazazi wale niliwavulia kofia. Muswada ulilala kwenye kamati wiki kadhaa, halafu Mei 6 mtu akafyatua risasi pale kwenye maduka ya Allen, watu 8 wakauawa, na Mei 8 kamati ikapiga kura ukapita 8 kwa 5, na warepublikan wawili ndani yake. Hakuna aliyetegemea. Kesho yake ukafa. Ulikuwa umechelewa kalenda. Kwa hiyo ukiwa upande wowote ule jifunze vyote viwili pale, kwamba watu waliokaa kwenye kiti mpaka usiku wanaweza kusogeza kura ambayo kila mtu alisema haisogei, na kwamba ukisogea Mei umechelewa.

Jinsi ya kufuatilia: kwenye saiti ileile ya Bunge fungua akaunti ya bure, weka namba za miswada yako, inakutumia imeili kila muswada ukijongea. Usifuatilie zaidi ya mitano. 2023 ilipelekwa miswada zaidi ya 8,000 na iliyopita ni kama 1,200, ukitaka kuifuata yote utaacha kazi. Ukifungua muswada soma sehemu ya uchambuzi, ipo kwa lugha nyepesi kidogo, halafu soma maandishi yenyewe: yaliyokatwa mstari yanaondolewa, yaliyopigiwa mstari chini yanaongezwa. Nimeona watu wanasambaza picha ya mstari uliokatwa wanapiga kelele kwamba Bunge linaleta hicho kitu, kumbe ndicho kinachofutwa, aibu tupu.

Na angalia mwenyekiti wa kamati ni nani. Mwenyekiti asipouweka muswada kwenye ratiba hausikilizwi, hata ukiwa na wabunge 100 waliosaini. Piga simu kwa mwakilishi wako NA ofisi ya mwenyekiti.

Hatua ya tano: simu

Sekunde thelathini. Anapokea kijana wa miaka 22 amechoka, ana karatasi au kompyuta anahesabu wanaotaka na wasiotaka. Umpe namba ya muswada kwanza, halafu jina, halafu zipu kodi yako ajue wewe ni mtu wao, halafu sentensi moja ya kwako binafsi. Kama hivi: napiga kuhusu HB namba fulani, naitwa fulani, naishi zipu kodi hii, naomba mheshimiwa auunge mkono, mwanangu yuko darasa la pili na shule yao haina askari wa kudumu. Asante. Kata.

Usigombane naye, yeye hatungi sheria. Usimsomee historia ya mwaka 1776. Kuhusu lafudhi, dada zangu na kaka zangu, acheni kuogopa, Texas hii kila mtu ana lafudhi, na yule mzee wa Lubbock akiongea mimi mpaka leo naambulia nusu. Ikiingia voisimeili sema yaleyale, zinasikilizwa na zinahesabiwa.

Imeili nayo ni nzuri ila usikopi ile barua iliyoandaliwa na kila mtu anatuma, zikija mia tatu zinazofanana wanazihesabu kama rundo moja. Mistari mitano ya kwako, yenye mtaa wako na shule yako, inashinda.

Hatua ya sita: kwenda Austin

Kwa wawakilishi, kikao cha kamati kinatangazwa siku tano kabla kwa kawaida, Seneti inaweza kuwa masaa 24 tu. Kwa hiyo ongea na bosi wako mapema kwamba kuna siku moja utaomba ruhusa ghafla. Kama huwezi kabisa, wawakilishi wana fomu ya maoni kwenye mtandao kwa wakazi wa Texas, inafunguka tangazo likitoka, inafungwa kikao kikiisha. Jaza. Yanakuwa ya umma, kwa hiyo usiandike anwani ya nyumbani ndani ya maelezo wala jina la mtoto.

Ukienda, pakingi ya wageni iko mtaa wa San Jacinto, masaa mawili ya kwanza bure, na utazidisha, jiandae. Ile nyumba ya mawe ya pinki unayoiona ni ya picha, vyumba vya kamati vingi viko chini ya ardhi upande wa nyuma, unashuka lifti. Mlangoni kuna mashine ya kukagua. Mwenye leseni ya kubeba silaha ana njia yake, anaonyesha leseni anapita, na kuna kipindi wapiga debe wa makampuni walikuwa wanachukua leseni hata silaha hawana, ili mradi wakwepe foleni. Texas bwana.

Chini pale kuna aipadi za kujiandikisha upande wa wawakilishi, Seneti kila kamati ina utaratibu wake, soma tangazo. Utaulizwa unaunga mkono, unapinga, au unaongea tu kuhusu muswada. Hapa ndipo mimi nilipovurunda mara ya kwanza. Nikabonyeza ile ya tatu, nikidhani maana yake naongea kuhusu muswada, si ndio nilikuja kuongea? Kumbe ile ni ya mtaalamu asiye na upande. Jina langu likaingia kwenye orodha ya mashahidi kama mtu ambaye hana msimamo, nimeendesha masaa matatu na nusu kutoka Dallas kuja kutokuwa na msimamo. Bonyeza UNAUNGA MKONO. Na kuna kitufe cha kujiandikisha bila kuongea, kama una haraka jina lako linahesabika hivyohivyo na unarudi zako.

Kusubiri sasa. Mimi niliandikishwa saa mbili asubuhi, nikaitwa saa tano usiku. Beba chaja, maji, kitu cha kutafuna, na dawa zako kama unatumia. Usitoke nje ya jengo bila kumwambia mtu, jina likiitwa haupo wanasonga. Nilikuwa na kurasa tano nimezichapa vizuri. Mwenyekiti akasema dakika mbili kila mtu. Nikasoma ukurasa wa kwanza na robo, kengele, asante sana bwana, anayefuata. Nilichokuwa nimekuja kusema kilikuwa ukurasa wa nne.

Kwa hiyo andika dakika moja na nusu, maneno kama 200, pima na simu. Anza na namba ya muswada na upande wako, sema wewe ni nani, sema jambo moja ulilolishuhudia, omba kitu kimoja kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi. Mimi mara ya pili nilisema ile ya chafya halafu nikaomba masaa ya mafunzo. Mjumbe mmoja akaniuliza swali, na swali likitoka kwao muda wa kujibu haukatwi kwenye dakika zako mbili, hapo ndipo utatoa ya ukurasa wa nne. Wakati mwingine kamati inasikiliza mashahidi walioalikwa tu, tangazo litasema, usipoteze mafuta.

Mavazi, shati safi tu. Fulana yenye picha ya bunduki hairuhusu mtu akusikie.

Hatua ya saba: kamati ya usalama ya wilaya yenu, ambayo hakuna anayekwenda

Hii watu wanairuka na ndiyo yenye matokeo ya haraka. Sheria ya elimu ya Texas inataka kila wilaya ya shule iwe na kamati ya usalama, na ndani yake kuwe na wazazi wawili. Inakaa kila muhula na mara moja kiangazi. Muulize mkuu wa shule jina la mwenyekiti na tarehe, muulize kwa imeili ili jibu liwe kwenye maandishi.

Kwenye shule moja ambayo sitaitaja, nilikuwa nakwenda kumchukua mtoto nakuta mlango wa pembeni, ule wa jikoni, umeegeshwa wazi na kreti la maziwa la bluu. Kila siku. Nikamwambia wa mapokezi, akasema tutafuatilia. Wiki tatu, kreti lipo. Sasa kanuni za jimbo zinataka milango ya nje ikaguliwe angalau mara moja kwa wiki siku za masomo, na ukaguzi urekodiwe. Nikaenda kwenye kamati, sikulalamika kuhusu kreti hata kidogo, niliuliza tu: nani anakagua milango kila wiki hapa kwenu, na rekodi zinawekwa wapi? Kimya. Watu wakaangaliana. Jumatatu iliyofuata kreti halikuwepo.

Na hapohapo uliza kama bodi imedai ule msamaha wa kutofuata sharti la askari, na mbadala wao ni nini. Majibu mengine hawatakupa kwa sababu za usalama na hilo ni sawa, hutaki kila mtu ajue mwalimu gani amebeba. Lakini kama wamedai au hawajadai, uliza. Bodi ya shule inachaguliwa kwa kura chache sana, mara nyingi Mei au Novemba, na hapo raia waliojiandikisha siku 30 kabla wana nguvu kuliko wanavyodhani.

Hatua ya nane: nyumbani kwako

Siwezi kwenda kuwaambia watu serikali iniachie silaha yangu halafu iko chini ya mto. Texas ni kosa kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na akiifyatua mtu akafa au akaumia vibaya kosa linapanda. Sefu ndogo ya namba za siri dola sitini, na tangu Septemba 2021 kwa SB 313 vifaa vya kufungia silaha havitozwi kodi ya mauzo, sheria ambayo watu wa pande zote wangeweza kuikumbatia na sijui kwa nini haitajwi. Mwambie hata jirani yako. Ile HB 3 nayo inataka wilaya ziwape wazazi taarifa za kuhifadhi silaha, kama hujaipata kwenye makaratasi ya kufungua shule, uliza.

Na lile la maeneo ya shule. Ndani ya jengo la shule silaha hapana, ni kosa kubwa. Lakini kuna na sheria ya shirikisho ya futi 1,000 kuzunguka shule, ambayo inamsamehe mwenye leseni ya jimbo. Umeona mtego? Texas imekwambia leseni si lazima, wewe unapita barabarani mbele ya shule na bastola yako kiunoni bila leseni, kwa Texas uko sawa, kwa Washington hauko sawa. Chukua leseni, au ifungie ndani ya kasha bila risasi. Ndio maana mimi ninayo.

Muswada ukipita

Unakwenda kwa gavana. Ana siku kumi kikao kikiendelea, kikiwa kimeisha ana siku 20, na asiposaini wala kukataa unakuwa sheria hivyohivyo. Piga simu na huko, ofisi yake nayo inahesabu. Andikia mwakilishi wako mistari miwili ya asante hata kama ulishinda nusu, wanapokea matusi siku nzima na asante wanaibandika ukutani, nimeiona.

Sheria nyingi zinaanza kufanya kazi Septemba 1, wiki mbili tatu baada ya shule kufunguliwa. Chapa ukurasa mmoja wa sheria iliyopita, pigia mstari kile kinachoihusu wilaya yenu, na kamati ya usalama ikikaa muhula ule ingia nayo mkononi. Ukifika mapema kaa karibu na mlango, uangalie na kitasa chake.